Mvua za Mwaka Gani?

Kuna msemo wa Kiingereza uliozaliwa Tanganyika. Kwa miongo kadhaa baada ya mwaka 1951, kila serikali ya Uingereza ilipozamisha mamilioni katika mradi usiosimama, mbunge wa upinzani au mhariri wa gazeti alisema tu kwamba huo ni "mpango wa karanga" mwingine. Hakuhitaji kufafanua. Msemo haukuhusu kilimo tena. Ulimaanisha kwamba watu wenye akili, fedha na nia njema wamefanya jambo kubwa wasilolielewa.

Nia njema nimeitaja makusudi. Uingereza ya mwaka 1946 ilikuwa imeshinda vita na bado watu wake walipimiwa mafuta ya kupikia kwa kadi. Serikali ya chama cha Labour iliamini kwamba shamba kubwa la karanga Afrika lingewalisha wafanyakazi wa London na papo hapo kuwainua Waafrika. Waziri wa Chakula, John Strachey, hakuwa mlowezi mwenye mjeledi. Alikuwa msomi wa mrengo wa kushoto, mwandishi wa vitabu. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua. Angekuwa wa mjeledi, tungeweza kusema waliharibu kwa sababu walikuwa wabaya, mazungumzo yakaisha hapo.

Msemo wenyewe nao una kasoro. Anayeutumia kwa kejeli hana haja ya kujua kwamba karanga hizo zilipangiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wala kwamba Kongwa na Nachingwea ni nchi mbili tofauti kwa mvua, kwa udongo na kwa watu. Akishapata neno la kuchekea, haulizi tena ni nini hasa kiliharibika. Hata sisi huku tumelipokea hivyo hivyo: Wazungu walikuja na matrekta, karanga zikawashinda, wakaenda zao. Tunacheka. Halafu tunapanga ya kwetu.

Wazo lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kwa hiyo si mgeni wa nchi. Kwa wiki tisa walizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege. Waliporudi walipendekeza zaidi ya ekari milioni tatu, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la Jimbo la Kusini, huko Nachingwea. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi.

Watu hupenda kuzicheka hizo wiki tisa. Mimi sioni kwamba tatizo ni uchache wake; wapo waliokaa kusini miaka tisa wakaondoka na picha tu. Linalonishughulisha ni kwamba zilikuwa wiki za kati ya Juni na Septemba. Kusini hiyo ni miezi ya kiangazi. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Ujumbe uliotumwa kuchunguza kama nchi inafaa kwa zao la mvua ulipita wakati mvua haipo, njia za udongo zinapitika, mito midogo ni mchanga mtupu na majani yamekwisha kuungua. Mvua waliikuta kwenye majedwali, kwa wastani. Lakini wastani haunyeshi. Inayonyesha ni mvua ya mwaka huu.

Najaribu kufikiria mmoja wao ameshuka kwenye gari mahali fulani kati ya Ruangwa na Nachingwea, akamkuta mzee anaezeka banda lake. Mazungumzo haya nimeyatunga, ila sidhani kama yangekwenda vingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Eti, mvua za huku zikoje?"

"Za mwaka gani?"

Mtu mwenye haraka atadhani mzee amekwepa swali. Kumbe hilo ndilo jibu lenyewe. Kuna mwaka mvua inawahi, wanaopanda na mvua za kwanza wanavuna na waliochelewa wanakula hasara. Kuna mwaka inawahi kwa hila, inawatoa watu shambani, kisha jua linawaka Januari nzima hadi mbegu inafia ardhini na kaya inalazimika kutafuta mbegu nyingine kwa jirani. Kuna mwaka Machi inakuwa maji matupu. Mkulima wa huko halimi kwa wastani, analima kwa kugawanya hatari: mtama kidogo, mahindi kidogo, mihogo ya kusubiri, mbaazi kati ya mistari, karanga kipande kilicho karibu na nyumbani. Shamba la namna hiyo ukilitazama toka juu, kwa dirisha la ndege, linaonekana ni fujo.

Na karanga zina mambo yake. Ua likishapevuka, kikonyo chake hujipinda kuelekea chini, kikachoma udongo, na punje zikakua humo gizani. Udongo ukiwa mgumu kikonyo hakipenyi. Ukiwa laini wakati wa kupanda halafu ukakauka kama tofali wakati wa kuvuna, unang'oa shina tu na karanga zinabaki chini. Hilo la pili ndilo lililoikuta Kongwa, ambako udongo wa mfinyanzi uliiva kwa jua na mchanga wake mkali ukala majembe ya matrekta. Mwanamke yeyote aliyewahi kuchimbua karanga kwa kijembe wakati udongo umekwisha kukaza angewaeleza kwa dakika mbili. Sisemi kwamba angejua namna ya kulima ekari 30,000, hakuna aliyejua. Angeuliza tu mtavuna lini na kwa mikono ya nani.

Kongwa ilianza kwanza, mwaka 1947. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mitambo mingi ilikuwa masalio ya vita, na vifaru aina ya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta ya kung'oa vichaka. Wafanyakazi wenyewe waliyapindua maneno maarufu ya Churchill, aliyewaomba Wamarekani zana ili aimalize kazi; wao wakasema wapewe kazi, watazimaliza zana.

Nachingwea ilifuata nyuma, na hapo pangeweza kuwa pa kujifunzia. Mvua zake ni za uhakika kuliko za Kongwa na udongo wake ni mwema zaidi. Lakini hapakuwa na bandari ya maana wala reli, na mpango haukuwa na subira ya kulima kidogo kwanza. Basi mitambo ikashushwa Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapandishwa bara huku reli ikijengwa. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekufa na pauni milioni 36 zimefutwa vitabuni. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mazishi. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Jambo moja husahauliwa. Nachingwea ilichaguliwa pia kwa sababu ilionekana haina watu. Msitu wa miombo, vijiji vilivyotawanyika, ndorobo. Mtu wa mipango akiona hivyo huandika kwamba ardhi ipo wazi na huendelea na ukurasa unaofuata. Lakini nchi ya Wamwera na jirani zao haikuwa tupu tangu enzi. Miaka 40 tu kabla ya ndege ya Wakefield, vita vya Maji Maji vilipita humo, kuanzia 1905 hadi 1907, na majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi ili njaa imalize kile ambacho bunduki haikumaliza. Watu walikufa, wengine wakahama. Pori likarudi, wanyama wakarudi na pori, ndorobo wakarudi na wanyama. Ule utupu ulikuwa kovu la vita, na aliyelisoma alilisoma kama baraka ya maumbile. Takwimu za idadi ya watu zilikuwa sahihi. Hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi.

Kama kisa kingeishia hapo ningekuwa nimewapa wasomaji wangu faraja rahisi, kwamba kutoelewa ni ugonjwa wa wageni. Haiko hivyo. Katikati ya miaka ya 1970 serikali yetu wenyewe, kwa nia njema kuliko hata ya Strachey, iliwahamisha watu wa kusini katika vijiji vilivyopangwa ili wapate shule, maji na zahanati. Shule zilikuja, na wapo waliosoma kwa sababu hiyo. Ila mikorosho haikuhama. Mtu aliyekuwa akiishi chini ya miti yake alijikuta kilomita nyingi mbali nayo, na mkorosho usiopaliliwa unamezwa na pori, moto wa kiangazi ukipita unaondoka nao. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Si vijiji peke yake vilivyoleta anguko hilo. Bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia. Lakini ramani ya vijiji ilichorwa na watu waliozaliwa nchi hii, wanaosema lugha moja na waliohamishwa, na baadhi yao walikuwa na bibi zao kijijini. Lugha moja haikuwasaidia kuuliza mikorosho iko wapi.

Sasa nitageukia watu waliofika Nachingwea na kulazimika kuelewa, kwa kuwa maisha yao yalitegemea jambo hilo.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, na toka mwaka uliofuata kambi yake kubwa ya mafunzo ikawa Nachingwea. Kambi iliitwa Farm 17, jina lililobaki kutoka kwenye hesabu za mashamba ya karanga. Kongwa nako, kwenye majengo yaliyoachwa na mpango uleule, walikaribishwa wapigania uhuru wa nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Strachey alikufa kabla ya kuweza kuambiwa kwamba mamilioni yake yaliacha maghala yaliyokuja kuwahifadhi waasi. Ningependa kuona uso wake kama angeambiwa.

Vijana waliofika Farm 17 walikuwa Wamakonde, Wamakua, Wandau, Washangani na wengineo. Wengi walikuwa hawajawahi kuonana, na wengine walikuwa wamelelewa na hadithi mbaya kuhusu wenzao. Makamanda, Samora Machel akiwa mbele, waliwachanganya makusudi. Asubuhi mazoezi, baadaye jembe, jioni kalamu. Kambi ilijilimia chakula, na hapa ndipo ninapoona tofauti na waliotangulia: aliyetaka kula msimu ujao hakuweza kudharau anachoambiwa na jirani wa kijiji kuhusu siku ya kupanda. Kireno kilifundishwa kama lugha ya taifa lijalo. Kiswahili kiliingia chenyewe, kwa sababu ndicho kilichonunua chumvi sokoni na kuomba maji njiani. Wamakonde, Wayao na Wamakua wanaishi pande zote mbili za Ruvuma, kwa hiyo wapo waliokuta shangazi upande huu.

Sitaki kuipaka rangi kambi hiyo. Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, wapinzani wa chama waliletwa Nachingwea na kuonyeshwa mbele ya umati. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma maungamo hadharani. Baadaye yeye na wenzake waliuawa kwao bila kesi ya kweli. Watu walioweza kuelewana ng'ambo ya makabila kumi hawakuweza kumvumilia mwenzao aliyekataa. Siku chache baada ya maungamo hayo, tarehe 24 Mei, Samora aliianza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo. Wenyeji wa kusini waliokumbuka siku zile walikumbuka ngoma. Mambo yote mawili yalitokea mwezi mmoja.

Joaquim Chissano alikuwa miongoni mwa viongozi wa FRELIMO walioishi Tanzania kwa miaka ya vita, akaja kuwa rais wa pili wa Msumbiji. Julai 2004, akimaliza zamu yake ya uenyekiti wa Umoja wa Afrika, alisimama Addis Ababa mbele ya wakuu wa nchi akahutubia kwa Kiswahili. Wakalimani hawakuwa tayari. Marais waliozoea kuvaa vipokea sauti na kusubiri maneno yawafikie wamekaa, safari hii walivaa wakasikia kimya. Wengi tuliosikia habari hizo tulijivuna, na haki yetu. Mimi nilichokipenda zaidi ni zile dakika za kuhangaika. Kwa muda mfupi ukumbi mzima wa wenye mamlaka ulikaa mahali anapokaa mwanakijiji kila siku: mbele ya mtu anayesema kwa ufasaha jambo linalokuhusu, kwa lugha usiyoijua, na wewe unaangalia nyuso za jirani kujua kama ucheke.

Karanga, baada ya hayo yote, zilistawi. Si kwa mpango. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, wamekaa na zao hilo kwa miongo, msimu baada ya msimu, vipande vya majaribio vidogo ambavyo kutoka kwenye ndege huvioni kabisa. Mwaka 2009 walitoa aina kadhaa za mbegu na kuzipa majina ya kwao: Naliendele, Mangaka, Masasi, Mnanje. Na Nachingwea. Mkulima anaweza leo kununua mbegu inayoitwa Nachingwea 2009, akaipanda Nachingwea, ikamea. Hakuna gazeti la London lililoandika.

Kazi hiyo haina mvuto wa kusimulia, nakiri. Mtu anapanda mistari kumi, anahesabu majani yaliyodumaa kwa ugonjwa unaoletwa na vidukari, anaandika, anasubiri mwaka mwingine. Mvua za mwaka huo zikiwa mbaya, anasubiri mwingine tena, maana aina iliyofaulu mwaka mzuri tu haijafaulu. Hao ndio walioulizana za mwaka gani.

Ruangwa sasa ina jambo lake. Chini ya ardhi yake kuna kinywe, madini yanayotiwa kwenye betri za magari ya umeme, na kampuni za Australia zimekuja na miradi kama Chilalo na Lindi Jumbo. Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Mwaka 1946 ulimwengu ulipungukiwa mafuta ya kula ukakumbuka kusini mwa Tanganyika. Safari hii umepungukiwa betri. Sheria zetu si zile za gavana. Toka marekebisho ya mwaka 2017 serikali inachukua hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa bila kuzilipia, na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Migodi si karanga pia. Jiwe halingojei mvua. Siko miongoni mwa wanaotabiri anguko kila wanapoona buldoza.

Ila mikutano ya vijiji nimekwisha kuiona ya kutosha, mahali pengi, kujua namna inavyokwenda. Mgeni anakaa meza kuu pamoja na viongozi. Kunakuwa na maelezo marefu kuhusu ajira na huduma za jamii, kisha swali: "Ndugu wananchi, tumeelewana?" Watu wanaitika kwa pamoja kwamba tumeelewana. Ni adabu, na jua kali, na hamu ya kurudi nyumbani. Katibu anaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wameelewa. Hakuna uongo uliosemwa, na hakuna walioelewana.

Katika kiitikio kile kuna maswali yaliyonyamazishwa, na kwa nchi ya mikorosho na ufuta mengi yake yanahusu muda. Kisima cha mgodi kitavuta maji kiasi gani Oktoba, mwezi ambao visima vya akina mama viko chini kabisa? Vumbi la magari litatua wapi mwezi ambao mikorosho inatoa maua? Bei ya kinywe ikianguka duniani na kampuni ikasimamisha kazi mwaka wa tatu, nani atafukia shimo, na fedha zake zimewekwa benki gani? Mkorosho unaozaa leo unaweza kuzaa miaka 20 mingine. Mthamini wa fidia amehesabu mingapi ya hiyo, na yuko tayari kuonyesha hesabu yake kwenye mkutano, kwa Kiswahili, kabla watu hawajatia saini?